Figo inayougua kila mara: Huenda njia ya mkojo imeziba

HOMA ya kutetemeka, ikifuatana na maumivu ya ubavuni karibu na mbavu za nyuma, mara nyingi huitwa malaria mjini Voi na katika vitongoji vyake. Si kosa la kushangaza. Taita Taveta ina nyanda za joto zenye mbu, hasa upande wa Taveta, na kwa miaka mingi kila homa ilihesabiwa kuwa malaria hadi ithibitike vinginevyo. Malaria isipoonekana, hutajwa homa ya matumbo. Mgonjwa hupewa dawa, homa hushuka, naye hurejea kazini. Baada ya majuma machache yuko pale pale kwenye foleni. Mwaka huisha akiwa amemeza dawa za aina nne au tano bila mtu yeyote kumwuliza swali hili: je, mkojo wako unatoka vizuri?

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Figo iliyoambukizwa mara moja kwa kawaida hupona kwa dawa, na mgonjwa husahau. Figo inayoambukizwa tena na tena huwa na sababu, na miongoni mwa sababu hizo iliyo hatari zaidi ni kizuizi kinachoufanya mkojo usipite. Maadamu kizuizi kipo, dawa hutuliza tu. Kila shambulio huacha kovu ndani ya figo, na kovu la figo halifutiki.

Figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku. Karibu yote hurudishwa mwilini. Kinachobaki, lita moja hadi mbili hivi, huteremka kwa mirija miwili myembamba, kila mmoja wenye urefu wa sentimita 25 hadi 30 na upana wa milimita chache tu, hadi kwenye kibofu. Kisha hutoka nje kwa mrija mmoja, ambao kwa mwanamume hupita katikati ya tezi dume. Mwendo huo wa mkojo ndio ulinzi mkuu wa figo. Bakteria wanaoingia kutoka nje, wengi wao wakiwa wale wa matumboni waitwao E. koli, husombwa kabla ya kupata makao.

Mkazi wa Voi anayeweka maji kwenye matangi na mapipa kwa sababu mifereji hukauka kwa siku kadhaa hahitaji kuelezwa maji yaliyotuama huwaje. Mkojo nao ni hivyo hivyo. Ukizuiwa, hujaa nyuma ya kizuizi, mrija hupanuka, figo huvimba kwa maji, na bakteria huzaana bila bughudha. Hapo ndipo dawa nazo huishiwa nguvu. Viuavijasumu huifikia figo kwa njia ya damu, lakini figo iliyobanwa huchuja kidogo, hivyo dawa haifiki kwenye ule mkojo uliotuama kwa kiasi cha kutosha. Kizuizi kikiwa ni jiwe, baadhi ya bakteria hukaa ndani ya jiwe lenyewe, mahali ambapo dawa haiingii. Mgonjwa humaliza dozi, vipimo huonyesha amepona, na wale waliojificha huanza upya.

Huku kwetu neno lililozoeleka midomoni ni “yu-ti-ai”, nalo limekuwa kapu la kutupia kila kitu. Msomaji afahamu kwamba maambukizi ya kibofu na maambukizi ya figo si jambo moja. Ya kibofu huleta kuchomwa wakati wa kukojoa, kwenda haja ndogo kila mara na maumivu chini ya kitovu. Mtu huudhika lakini huendelea na shughuli zake. Ya figo huleta homa kali, kutetemeka, kichefuchefu au kutapika, na maumivu ya ubavu mmoja ambayo huzidi daktari anapougusa kwa kiganja. Wataalamu huyaita maambukizi ya njia ya mkojo kuwa ya kujirudia yanapotokea mara mbili au zaidi katika miezi sita, au mara tatu katika mwaka mmoja. Kwa upande wa figo, shambulio la pili tu latosha kumfanya mtu atake kupigwa picha. Mwanamume au mtoto, kwa maoni ya madaktari wengi, hahitaji hata kulisubiri la pili.

Kinachoziba ni nini? Kwa watu wa nyanda za chini za kaunti hii, mawe ya figo hutangulia katika orodha ya kushukiwa. Voi iko karibu mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake linajulikana na kila aliyewahi kusubiri gari pale kituoni saa nane mchana. Mtu anayetokwa jasho kutwa na kunywa kidogo hutoa mkojo mzito, na katika mkojo mzito chumvichumvi hugandamana. Mfikirie mkata mkonge wa Mwatate, mwendesha bodaboda, au dereva wa lori anayetoka Mombasa na kulala Maungu, ambaye hujinyima maji makusudi ili asisimame njiani. Wafikirie pia wachimbaji wa vito wa Kasigau na Mwatate, wanaosaka lile jiwe la kijani lililopewa jina la Tsavo, tsavoriti, na huku wakitengeneza mengine viunoni bila kujua.

Wenyeji wengi huyalaumu maji yenyewe. Ni kweli kwamba maji ya visima vingi vya huku yana chumvi na huacha ukoko mweupe ndani ya sufuria, na ni rahisi mtu kudhani kwamba ukoko huo huo hujijenga ndani ya figo. Hata hivyo, tafiti zilizofanywa sehemu mbalimbali za dunia hazijaonyesha kwamba ugumu wa maji ni kisababishi kikuu cha mawe. Kunywa maji machache huchangia zaidi. Anayeyakwepa maji ya kisima kwa kuhofia mawe, kisha akashinda kutwa kwa kikombe kimoja cha chai, amejipalilia makaa. Shabaha inayopendekezwa kwa mtu aliyewahi kuwa na jiwe ni kunywa kiasi cha kumwezesha kukojoa lita mbili hadi mbili na nusu kwa siku, na katika joto la Voi hiyo humaanisha kunywa zaidi ya lita tatu. Kipimo chepesi ni rangi: mkojo uwe wa manjano hafifu, karibu na maji. Anayefunga Ramadhani agawe maji yake kati ya futari na daku badala ya kuyanywa yote kwa mkupuo. Wenye ugonjwa wa moyo, na wale ambao figo zao zimekwisha kushindwa kazi, wasiongeze maji bila ushauri wa daktari.

Kuna imani nyingine, hii ya mabaraza ya jioni, kwamba bia huosha figo. Bia humfanya mtu akojoe sana usiku, kisha humwacha amekaukiwa asubuhi, na jiwe halikuondoka. Ndimu zina manufaa zaidi, kwani asidi iliyomo husaidia kuzuia chumvichumvi zisigandamane. Kupunguza chumvi ya mezani husaidia pia. Maziwa hayakatazwi, walioyaacha wakidhani kalisiamu ndiyo iletayo mawe walipotoshwa, maana kalisiamu ya chakula hunasa tumboni baadhi ya vitu ambavyo vingefika kwenye figo.

Kuna jiwe la aina ya pekee linalostahili kutajwa. Baadhi ya bakteria, hasa wale waitwao Proteus, huivunja yurea iliyomo katika mkojo na kuufanya mkojo uwe wa kialkali. Katika mkojo wa namna hiyo jiwe hukua haraka, likatoa matawi mfano wa pembe za paa, hata likajaza vyumba vyote vya figo. Maambukizi yalizaa jiwe, nalo jiwe sasa linayalea maambukizi. Jiwe hili aghalabu halina yale maumivu makali ya ghafla ambayo watu huyahusisha na mawe ya figo. Mgonjwa, mara nyingi mwanamke, huwa na homa za hapa na pale, uchovu na maumivu mepesi ya kiuno ambayo huyadhania kuwa ya kuinama shambani. Lisipotolewa lote, na neno “lote” lina uzito hapa, huota tena kutokana na kipande kilichobaki, na figo hufa polepole.

Kwa wanaume waliovuka miaka 50, mshukiwa hubadilika. Tezi dume hupanuka kadiri umri unavyosonga. Takriban nusu ya wanaume waliofika miaka 60 wana upanuzi wa namna fulani, ingawa si wote hupata taabu. (Kwenye meza zetu za uhariri tumebishana miaka na mikaka iwapo iitwe tezi dume au tezi kibofu, mgonjwa hajali jina.) Dalili zake ni mkojo kuchelewa kuanza, kutoka kwa nguvu hafifu, kudondoka mwishoni, na kuamka mara tatu au nne usiku. Wazee wengi hulichukulia jambo hili kuwa ni uzee tu, na ni aibu kulitaja mbele ya mkaza mwana anayewapeleka hospitali. Basi hulinyamazia, hadi kibofu kinapojaa mkojo usiotoka wote, maambukizi yakapanda, na figo zote mbili zikaanza kuvimba. Saratani ya tezi hiyo yaweza kuleta dalili zile zile, ndiyo sababu uchunguzi haupaswi kuahirishwa. Aidha, wanaume wa rika lolote huweza kupata kovu ndani ya mrija wa kutolea mkojo, ama kutokana na kisonono kisichotibiwa vyema, ama ajali ya kuvunjika nyonga, ama mpira wa mkojo uliotiwa kwa nguvu.

Kwa wanawake, mimba yenyewe hulegeza na kubana mirija, hasa wa upande wa kulia, na kuvimba kidogo kwa figo wakati huo ni jambo la kawaida. Lakini mama mjamzito mwenye homa na maumivu ya ubavu asitibiwe nyumbani hata kidogo. Maambukizi ya figo huweza kuleta uchungu kabla ya wakati, na baadhi ya dawa za kawaida hazimfai. Sababu ya huzuni zaidi ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ikichelewa kugunduliwa huibana mirija yote miwili. Baadhi ya wanawake hugundua kwamba wana saratani hiyo siku figo zinaposhindwa. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya virusi vinavyoisababisha mnamo Oktoba 2019.

Kichocho nacho kisisahauliwe. Kile cha mkojo kimetanda pwani ya Kenya, hasa Kwale, Kilifi na Tana River, na Taveta, yenye mifereji ya umwagiliaji na Ziwa Jipe, imetajwa kwa muda mrefu miongoni mwa sehemu za ugonjwa huo. Mayai ya minyoo yake hukwama katika kuta za kibofu na mirija, na baada ya miaka huacha makovu yanayobana. Dawa ya prazikwanteli huwaua minyoo lakini haiondoi kovu, kwa hiyo mtu mzima aliyekojoa damu utotoni amweleze daktari hata kama alitibiwa. Kifua kikuu pia huweza kushuka kwenye figo na kuifinya mirija. Dalili yake ya kutia shaka ni mkojo wenye usaha ambao maabara huuotesha bila kupata bakteria yoyote.

Watoto nao wana yao. Mvulana mchanga ambaye mkojo wake hudondoka badala ya kuruka, au ambaye tumbo lake la chini limejaa, huenda alizaliwa na utando unaoziba mrija wa mkojo. Mtoto huyo hana wa kumsemea ila mama au nyanya anayembadilisha nepi.

Tuje kwenye uchunguzi. Kipimo cha kwanza ni mkojo wenyewe, nacho kina kanuni mbili ambazo hupuuzwa kila siku. Mkojo uchukuliwe katikati, yaani mgonjwa ajisafishe, aache wa mwanzo upite, kisha akinge unaofuata kwenye chupa safi. Na uchukuliwe kabla ya dawa ya kwanza. Kijiti kinachochovywa kwenye mkojo huonyesha kwa dakika mbili kama kuna chembe nyeupe, damu au dalili za bakteria, na kipimo hicho hupatikana hata katika vituo vidogo. Hakitoshi kwa anayeugua mara kwa mara. Huyo anahitaji mkojo wake uoteshwe maabara, kazi inayochukua siku mbili hivi, ili ijulikane ni bakteria gani na ni dawa ipi inayomuua. Kutibu shambulio la nne kwa kubahatisha ni kupoteza fedha. Mathalani, E. koli wengi nchini wamekwisha kuzizoea Septrin na amoksilini, dawa zilizo rahisi kununuliwa dukani bila cheti. Nitrofurantoini, ambayo bado hufanya kazi nzuri kwenye kibofu, haifikii kiwango cha kutosha ndani ya nyama ya figo. Mgonjwa wa figo aliyepewa dawa hiyo pekee ana haki ya kuuliza.

Hapa niseme neno kuhusu kipimo cha damu cha Widal, kile kinachotumiwa kutafuta homa ya matumbo. Kipimo hicho humpa jibu la “ndiyo” mtu ambaye aliwahi kuugua au kukutana na vijidudu vya jamaa hiyo zamani, na hakiwezi peke yake kuthibitisha ugonjwa wa leo. Wagonjwa wengi wanaotembea na karatasi yenye maandishi “taifodi” waliyopata kwa kipimo kimoja hawakuwahi kuwa nayo. Ikiwa homa inarudi na ubavu unauma, Widal isiyafunge mazungumzo.

Kipimo cha damu kiitwacho kreatinini huonyesha figo zinafanya kazi kiasi gani. Kina udhaifu wake: figo moja ikiziba na ya pili ikiwa nzima, jibu huweza kuwa zuri kabisa huku ile iliyoziba inaangamia. Kwa hiyo picha haina mbadala. Ya kwanza na iliyo nafuu ni altrasaundi, mashine ile ile wanayopimwa kina mama wajawazito. Haina miale ya madhara, huonyesha figo iliyovimba kwa maji na mawe yaliyo ndani ya figo, na huweza kupima mkojo uliobaki kibofuni baada ya mtu kukojoa. Udhaifu wake ni kwamba jiwe lililokwama katikati ya mrija huweza kuikwepa. Picha ya kompyuta, siti skani, hulibaini karibu kila mara, nayo huhitaji kusafiri na gharama kubwa zaidi.

Sheria moja izingatiwe na kila anayemwuguza mtu: aliyeanza kutibiwa maambukizi ya figo hupaswa kupata nafuu ndani ya siku mbili hadi tatu. Homa ikiendelea baada ya saa 72 ilhali dawa zinaingia, picha ipigwe siku hiyo. Ama kuna kizuizi, ama kuna jipu, ama dawa si yake.

Iko hali isiyongoja hata saa hizo 72. Figo iliyoziba na kuambukizwa kwa pamoja, yenye homa, huweza kumwaga bakteria katika damu na kumwua mtu ndani ya siku moja. Mgonjwa huhema haraka, mikono huwa baridi, huanza kusema maneno yasiyoeleweka, na mkojo hupungua au hukoma kabisa. Huyo ahesabiwe sawa na aliyegongwa na gari. Viuavijasumu vya sindano huanzishwa mara moja, lakini kinachookoa maisha ni kuutoa ule mkojo na usaha uliobanwa. Zipo njia mbili: kupitisha mrija mwembamba, stenti, kutoka kibofuni hadi kwenye figo, au kutoboa ngozi ya mgongoni na kuingiza mrija moja kwa moja ndani ya figo kwa kuongozwa na altrasaundi. Jiwe lenyewe halitolewi siku hiyo. Huachwa hadi maambukizi yatulie. Jamaa wengi hulalamika kwamba “wamemfanyia upasuaji na jiwe wameliacha”. Hawakukosea. Kuchokoa jiwe katikati ya usaha husukuma bakteria kwenye damu.

Iwapo kizuizi kiko chini ya kibofu, kama kwa mzee mwenye tezi dume, mpira wa mkojo hutosha kuanzia. Baada ya kufunguliwa, wengine hukojoa lita nyingi kwa siku moja, jambo linalofurahisha familia lakini linaloweza kumkausha mgonjwa na kuvuruga chumvi za damu. Abaki wodini akipimwa kinachoingia na kinachotoka. Marehemu mjomba wangu aliishi na mpira huo kwa miezi kadhaa akingoja zamu ya upasuaji, nasi tuliomtunza tulikuwa tukiuning’iniza mfuko kwenye kitasa cha dirisha, juu ya kitanda chake, tukidhani tunauweka mahali safi. Muuguzi mmoja alipouona alishika kichwa. Mfuko ukiwa juu ya kibofu, mkojo mchafu hurudi ndani. Uning’inizwe chini, usiguse sakafu, na mpira ubadilishwe kwa tarehe iliyoandikwa na hospitali. Jambo jingine ambalo hatukulijua: mkojo wa mwenye mpira karibu kila mara huwa na bakteria, na kama hana homa wala maumivu, hahitaji dawa. Kumpa dawa kila maabara inapoonyesha bakteria ni kuwafundisha bakteria hao ukaidi.

Hatua ya mwisho ni kukiondoa kizuizi. Mawe yasiyozidi milimita tano mengi hutoka yenyewe kwa maji na dawa ya maumivu. Yanayozidi milimita kumi ni nadra kutoka bila msaada. Hayo husagwa kwa mawimbi, hufuatwa kwa chombo chembamba kupitia njia ya mkojo, au hutolewa kwa tundu dogo mgongoni. Upasuaji wa kufungua bado hufanywa pale vifaa hivyo visipokuwapo, na si upasuaji wa kudharauliwa. Tezi dume hutibiwa kwa vidonge mwanzoni na hukwanguliwa vidonge vikishindwa. Ikiwa figo imekufa na imegeuka mfuko wa usaha, hushauriwa itolewe. Wengi huogopa neno hilo kuliko ugonjwa, ilhali mtu huishi umri wake wote kwa figo moja iliyo nzima.

Onyo kuhusu maumivu. Vidonge na sindano za diklofenaki, zinazouzwa kama karanga kote barabarani, hutuliza vizuri sana maumivu ya jiwe. Kwa mtu aliyekaukiwa maji, au ambaye figo zake zimebanwa, dawa hiyo hiyo huzidi kuziumiza. Zitumiwe kwa siku chache na kwa ushauri. Mizizi na magome yanayochemshwa kwa jina la “kusafisha figo” nayo hayana kipimo, na baadhi yake ni sumu ya figo hizo hizo.

Sasa swali la mahali. Kaunti ya Taita Taveta ilikuwa na wakazi 340,671 katika sensa ya 2019, waliotawanyika katika eneo la takriban kilomita mraba 17,000 ambalo zaidi ya nusu yake ni mbuga za Tsavo. Umbali, basi, ni sehemu ya ugonjwa. Zahanati na vituo vya afya vyaweza kupima mkojo kwa kijiti na kuanza dawa. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi iliyoko Voi, pamoja na hospitali za Wesu kule Wundanyi, Mwatate na Taveta, ndizo za kuendewa kwa altrasaundi na kulazwa. Kazi ya daktari bingwa wa upasuaji wa njia ya mkojo kwa kawaida humpeleka mgonjwa Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa, umbali wa kilomita 150 hivi kutoka Voi, au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi. Kwa mkazi wa Taveta, Moshi iko karibu zaidi kuliko Mombasa, na hospitali ya KCMC iliyoko huko inajulikana Afrika Mashariki kwa kuwafunza madaktari wa fani hii. Lakini hapo mtu amevuka mpaka, na bima ya Kenya asiitegemee kabla ya kuuliza.

Kuhusu bima, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara hukadiriwa kwa mapato ya nyumba yake, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja. Mtu anayejua kwamba ana jiwe figoni asingoje siku ya kulazwa ndipo ajisajili.

Anayepewa rufaa achukue karatasi zote: majibu ya mkojo ulioteshwa, kreatinini na tarehe zake, filamu za picha, na majina ya dawa alizokwisha kutumia. Daktari wa Mombasa anayemwona mgonjwa kwa dakika kumi hawezi kujua kwamba hili ni shambulio la sita asipoonyeshwa. Daftari la shule la kurasa 48 latosha kuyahifadhi hayo.

Na aliyetiwa stenti aulize, kabla hajavaa viatu vya kurudi nyumbani, itatolewa tarehe ngapi na wapi. Nyingi hazipaswi kukaa zaidi ya miezi mitatu hivi bila kutolewa au kubadilishwa. Haionekani kwa nje, maumivu yake huzoeleka, nauli ya kurudi Mombasa ni ghali, na hivyo husahaulika. Iliyosahaulika mwaka mmoja au miwili huota ukoko wa mawe juu hadi chini, ikawa yenyewe ndiyo kizuizi kipya, na kuitoa huhitaji upasuaji mkubwa kuliko ule wa kwanza. Tarehe hiyo iandikwe kwenye jalada la lile daftari, na pia kwenye simu ya mtu mwingine wa nyumbani.